Second Life kwa somo la uandishi: mapitio kwa wanaofundisha watu wazima

Kampuni ya Linden Lab ya Marekani iliifungua Second Life, dunia ya kubuni ya mtandaoni, mwezi Juni 2003, na hadi leo watu wanaingia humo, wanajenga na kupiga soga. Huitwa mchezo kwa mazoea tu, maana haina alama za ushindi, hatua za kupanda wala adui wa kupigwa. Kwa mwalimu wa uandishi upungufu huo ndio mtaji. Mahali ambapo hakuna kazi iliyoandaliwa, watu hawafanyi kitu mpaka wapatane, na maikrofoni ikizimwa, kupatana ni kuandika. Kwa hiyo hapa hatuhukumu uzuri wa picha wala wingi wa mavazi ya avata, yaani umbo linalomwakilisha mtu humo. Tunaangalia mwanafunzi mtu mzima anasukumwa kuandika nini, anamwandikia nani, na maandishi yake yanapatikana wapi akishafunga kompyuta.

Tuanze na sauti, kwa kuwa ndiyo inayoharibu masomo mengi. Mazungumzo ya sauti yaliongezwa mwaka 2007, na anayefundisha kuongea atayafurahia. Kwa uandishi ni sumu. Katika kundi la watu sita, wawili wakiwa na maikrofoni nzuri, hao wawili ndio watakaoendesha kikao chote na waliobaki wataandika "sawa", "ndiyo", "nimeelewa". Ukiwa na kiwanja chako, fungua taarifa za ardhi, ingia sehemu ya sauti na uondoe alama inayoruhusu mazungumzo. Ukiwa kwenye ardhi ya mtu mwingine, kila mwanafunzi aizime katika mipangilio yake, nawe uhakikishe kwa macho: avata ambayo sauti yake imewashwa huwa na kidoti cheupe kinachoelea juu ya kichwa.

Gumzo na umbali wake

Unachoandika kwenye gumzo la kawaida kinasomwa na walio ndani ya mita 20 kutoka ulipo. Kunong'ona kunafika mita 10, kupaza sauti mita 100. Ukizijua namba hizi unaweza kupanga darasa lako vizuri kuliko chumba chochote chenye kuta. Makundi mawili yakikaa mita 15 mbalimbali, kila moja litasoma ya mwenzake na ukurasa wa gumzo utakuwa kama soko. Yatenganishe kwa mita 30. Makundi matatu yaweke kwenye pembe za pembetatu yenye pande sawa za mita 30, nawe usimame katikati: utakuwa takriban mita 17 kutoka kila kundi, kwa hiyo unasoma yote matatu, tangazo lako linawafikia wote, na makundi yenyewe hayasikilizani. Sharti ni kwamba wanakikundi wakae karibu karibu, wasizidi mita mbili kutoka kiini cha kundi lao. Mwanafunzi akitangatanga kuangalia maua, ametoka darasani bila mtu kujua.

Kumbukumbu ya gumzo ndiyo hazina, na ndiyo inayopotea kuliko kitu kingine chochote. Inahifadhiwa kama faili la maandishi ndani ya kompyuta ya mwanafunzi, si kwa mwalimu, na haina ila yale tu ambayo avata yake iliyapokea. Kama mipangilio ya kuhifadhi gumzo haikuwashwa, akitoka hana kitu. Kama programu iligoma katikati, dakika alizokuwa nje hazimo. Dawa ni kuiwasha kipindi cha kwanza mbele ya macho yako, na kuteua watunza kumbukumbu wawili kwa kila kundi, si mmoja. Saa inayoandikwa kando ya kila mstari ni ya Pasifiki ya Marekani, hivyo wanaosoma kutoka nchi mbalimbali wakumbushwe wasije wakadhani faili ni la siku nyingine.

Jambo la kisheria: kanuni za jamii za Second Life zinakataza kusambaza mazungumzo ya watu bila ridhaa yao. Chukua ridhaa ya darasa zima kwa maandishi kabla ya somo la kwanza, na wapita njia watakaoingia kwenye gumzo wafutwe katika nakala itakayosomwa darasani.

Sasa, gumzo lenyewe si uandishi uliokamilika, na mwalimu anayelisahihisha tahajia anapoteza muda wake na anawafunga watu mikono. Mistari ni mifupi, nukta hazipo, watu wawili wanajibizana mambo matatu kwa pamoja. Litumie kama malighafi. Kazi moja inayowafaa sana watu wazima, kwa kuwa wanaijua kutoka kazini, vikundi na vyama, ni muhtasari wa kikao. Kundi linapewa jambo la kuamua, mathalani ukumbi wa pamoja uwekwe wapi kwenye kiwanja na nani atajenga nini. Wanajadiliana kwa dakika 20. Kisha kila mmoja, peke yake na nje ya dunia hiyo, anaigeuza kumbukumbu ya gumzo kuwa muhtasari wa nusu ukurasa: nani alipendekeza, nani alipinga na kwa hoja gani, nini kiliamuliwa. Uzuri ni kwamba ushahidi upo. Mwanafunzi akiandika "wajumbe wote walikubaliana" huku mstari fulani unaonyesha mmoja alikataa mpaka mwisho, hakuna haja ya mabishano. Wanafungua faili na kusoma. Hapo mtu anajifunza tofauti kati ya kunukuu, kufupisha na kutia chumvi.

Kiti kilichosimama kama ukuta

Zoezi lenye tija kuliko yote ni kuandika maelekezo ya ujenzi, na ndilo linaloipa Second Life nafasi ambayo daftari haina. Kila mtu anaweza kutengeneza umbo la msingi, maarufu kama primu, akiwa kwenye ardhi inayoruhusu kujenga. Sanduku jipya huja na ukubwa wa nusu mita kila upande. Vipimo vinaandikwa kwa namba kwenye dirisha la kuhariri, na mielekeo mitatu ina rangi: X nyekundu, Y kijani, Z buluu, ambayo ndiyo ya juu na chini.

Wanafunzi wanakaa wawili wawili. Mmoja, mwandishi, ana picha ya kiti. Mwenzake, mjenzi, haioni. Mwandishi anaandika maelekezo kwenye kadi ya maandishi na kuituma. Mjenzi anafanya kilichoandikwa na si zaidi, bila kuuliza chochote mpaka amalize. Rasimu za kwanza karibu zote zinafanana na hii:

"Chukua sanduku ulifanye bapa. Tengeneza miguu minne uweke chini. Halafu weka ya kuegemea."

Mjenzi mtiifu anapunguza X, na sanduku linakuwa bapa kweli, ila limesimama wima kama ukuta. Miguu anaiweka chini kama alivyoambiwa, lakini cha kukalia kiko ardhini tayari, kwa hiyo miguu inazama kwenye udongo. "Ya kuegemea" haina kipimo wala upande, basi anaiweka mbele. Mwandishi anaona kosa lake limesimama mbele yake, lina urefu na upana. Hakuna kalamu nyekundu inayofikia hapo.

Ndipo mjenzi anaruhusiwa kuuliza kwenye gumzo, na kila swali linaonyesha sentensi ya kuandikwa upya. "Bapa upande gani?" "Chini ya nini?" "Ya kuegemea ni kitu gani, sanduku lingine?" Rasimu ya pili huwa hivi:

"Tengeneza sanduku. Kwenye vipimo andika X 0.5, Y 0.5, Z 0.1. Hili ndilo la kukalia. Livute juu kwa mshale wa buluu mpaka chini yake pabaki nusu mita. Tengeneza sanduku la pili lenye X 0.1, Y 0.1, Z 0.5, huu ni mguu. Uweke chini ya pembe moja ya la kukalia, kisha shikilia kitufe cha Shift na uvute mshale ili kupata nakala tatu kwa pembe zilizobaki."

Angalia kilichotokea: mpangilio wa hatua, vipimo, na viashiria "hili" na "huu" vyenye kitu cha kuelekeza. Ugawaji wa muda unaofanya kazi ni dakika 15 za kuandika, 10 za kujenga, 10 za maswali na 15 za kuandika upya. Rasimu ya pili apewe mjenzi mwingine, kwani wa kwanza ameshakijua kiti na atajaza mapengo kwa kumbukumbu yake. Mwalimu akikosea hapa ni kwa kuchagua kitu kigumu. Kiti chenye vipande sita kinatosha. Nyumba itageuza somo la uandishi kuwa somo la ujenzi, na wanaume fulani kila darasa watajitosa huko wasirudi.

Anayejenga kwenye uwanja wa majaribio wa umma ajue kwamba vitu huondolewa baada ya muda uliowekwa na mwenye uwanja. Havipotei, vinarudi kwenye begi la mmiliki, katika folda ya vilivyopotea na kuokotwa.

Kadi za maandishi

Kadi ya maandishi ni mhariri wa maandishi uliomo ndani ya dunia. Inabeba hadi baiti 65,536, yaani kurasa nyingi kuliko mwanafunzi yeyote atakavyohitaji. Haina herufi nzito, mlalo, vichwa wala majedwali. Kwa rasimu ni afadhali hivyo. Kwa kazi ya mwisho haitoshi, na anayetaka wanafunzi wapange barua rasmi kwa mtindo wake, yenye anwani mahali pake, awatoe humo na kuwapeleka kwenye programu ya kawaida ya kuandikia.

Kasoro zake ni tatu na zote hujitokeza wiki ya kwanza. Kadi haijihifadhi yenyewe: ni lazima kubofya kuhifadhi, na programu ikigoma kabla, kazi imekwenda. Pili, haishirikishi watu wawili kwa wakati mmoja kama nyaraka za mtandaoni. Kila anayepewa anapata nakala yake, na baada ya mizunguko miwili kundi lina matoleo matano yenye jina moja. Kanuni ya majina isiyokubali mjadala inasaidia: jina la kazi, herufi za mwandishi, namba ya rasimu. Tatu ni ruhusa. Ukituma kadi bila kuruhusu mpokeaji abadilishe, ataisoma lakini hawezi kusahihisha neno, na atadhani kompyuta yake ni mbovu. Fungua sifa za kadi kabla ya kutuma, hakikisha kunakili, kubadilisha na kuhamisha vimeruhusiwa.

Kukagua tahajia kupo, na programu ya kuingilia, iwe ile rasmi au Firestorm, inakubali kuongezewa kamusi za mfumo wa Hunspell. Asiyeongeza kamusi ya lugha anayofundisha ataona mistari myekundu chini ya kila neno sahihi, na mwanafunzi mwenye mashaka ataanza kuharibu alichoandika vizuri.

Kukusanya kazi usitegemee kutumiwa moja moja ukiwa hujaingia, maana ujumbe wa nje ya mtandao una kikomo na unaozidi haufiki. Tengeneza sanduku la barua: primu moja yenye skripti ndogo (mistari ya amri za kompyuta) inayoita llAllowInventoryDrop, amri inayoruhusu wengine kudondosha vitu ndani yake. Mwanafunzi anaikokota kadi hadi kwenye sanduku huku ameshikilia Ctrl. Anayesahau Ctrl atasema sanduku limekataa.

Kwa uandishi mfupi kuna mipaka iliyomo ndani ya mfumo wenyewe, nayo ni mazoezi ya bure. Jina la kitu halizidi herufi 63, maelezo yake 127, na maandishi yanayoelea juu ya kitu kwa skripti ya llSetText hayazidi baiti 254. Mwambie mwanafunzi aeleze kifaa cha kale kwa maelezo ya herufi 127, kisha kwa baiti 254, kisha kwa kadi nzima. Kukata maneno kwa kulazimishwa na mashine hakuna anayekuchukulia kibinafsi, tofauti na kukatiwa na mwalimu.

Kinachokwamisha watu wazima

Kwanza ni kuonekana mjinga. Mtu mwenye familia na cheo kazini hapendi kugonga ukuta mbele ya watu. Kipindi cha kwanza kisiwe na uandishi wa kupimwa kabisa: kutembea kwa mishale, kukaa, kufungua gumzo, na kuzungusha kamera kwa Alt na kipanya. Kamera ndiyo walimu wengi wanairuka, na bila hiyo mwanafunzi hawezi kusoma bango wala kueleza kitu kilicho nyuma ya nguzo. Weka pia ukomo wa kupamba avata, dakika 15, la sivyo saa nzima itaishia kwenye nywele.

Akaunti za msingi ni bure, ila zifunguliwe nyumbani, kila mtu kwa wakati wake. Darasa zima likijisajili kutoka muunganisho mmoja kwa saa moja, mfumo unaweza kukataa wanaofuata. Kila mmoja akupe jina lake la kuingilia, kwa sababu jina linaloonekana juu ya kichwa linaweza kubadilishwa, na hutajua "Simba Mtulivu" wa leo ndiye nani wa wiki iliyopita. Mipangilio ya maudhui iwe kwenye kiwango cha jumla. Kuwa watu wazima hakumaanishi wamekuja darasani kukutana na kila kitu kilichomo humo.

Mwenye kasi ndogo ya kuchapa anaumia kuliko mwenye tahajia mbaya. Anatafuta herufi, mada imeshapita, ananyamaza. Kwa darasa lenye watu hao anza na kadi, ambazo hazina haraka, na gumzo lije baadaye. Kompyuta nayo ina neno lake: ile yenye michoro ya ndani tu inaweza kuingia ukishusha ubora wa picha na kupunguza umbali wa kuona hadi mita 64, lakini kwenye mahali penye umati itakwama hata hivyo. Chagua kiwanja kitupu.

Gharama ndogo ndogo zinalipwa kwa dola za Linden, fedha ya humo humo. Kuanzisha kundi ni L$100, na likikosa mwanachama wa pili ndani ya saa 48 linavunjwa. Inafaa kuwa nalo, kwani gumzo la kundi halijali mita 20. Kupandisha picha ya kawaida ni L$10. Ardhi ndiyo mzigo halisi. Mwaka 2010 Linden Lab ilitangaza kuondoa punguzo la ardhi kwa taasisi za elimu, na baadhi zikahama. Mwaka 2013 punguzo likarudishwa. Anayefundisha darasa moja tu hana sababu ya kununua.

Njia nyingine mbili

OpenSimulator ilianza mwaka 2007. Ni programu huru ya seva inayoiga dunia ya aina hiyo hiyo, na unaingia kwa toleo la Firestorm lililotengenezwa kwa ajili yake. Kupandisha picha si lazima kulipiwe, hakuna wapita njia, na eneo lote linahifadhiwa kwenye faili moja la OAR unaloweza kulirudisha muhula ujao kama lilivyokuwa. Kwa chuo chenye fundi wa seva ni chaguo bora kuliko Second Life yenyewe. Kwa mwalimu asiye na fundi ni maumivu ya kichwa.

Minecraft Education, toleo la kufundishia la mchezo wa kujenga wa Minecraft, ni rahisi kuingia, na kitabu chake cha kuandikia kinaweza kupokea picha zilizopigwa ndani ya mchezo na kutolewa kama PDF, jambo ambalo kadi za Second Life haziwezi. Ila ukurasa ni mdogo, herufi 256, na aya ya kawaida ya mtu mzima inakatwa vipande viwili au vitatu, hivyo mwandishi anaanza kufikiri kwa kurasa badala ya hoja. Kitabu kikishatiwa saini hakihaririwi tena, kwa hiyo kataza saini mpaka rasimu ya mwisho. Inahitaji akaunti ya taasisi. Kwa wanaoanza kuandika sentensi kamili inatosha. Kwa wanaoandika barua za malalamiko na ripoti ni finyu, na baadhi ya watu wazima wataona wanachezeshwa vya watoto.

Kusahihisha na kutoa kazi

Usisahihishe kila kitu. Kwa maelekezo ya ujenzi tazama mambo mawili tu: mjenzi alifika au hakufika, na maswali mangapi yaliulizwa kati ya rasimu ya kwanza na ya pili. Kwa muhtasari, tazama uaminifu kwa kumbukumbu. Sarufi ije kwenye toleo la mwisho lililoandikwa nje, na uchague aina mbili au tatu za makosa kwa kila mtu. Muundo wa aya, lugha rasmi na kutaja vyanzo havitafundishwa na dunia hii hata ukikaa humo mwaka. Hayo yana darasa lake.

Tenga dakika 10 za mwisho za kila kipindi kwa kunakili. Second Life haitoi kadi zote kwa mkupuo, kwa hiyo kila moja hufunguliwa, maandishi huchaguliwa yote kwa Ctrl na A, hunakiliwa na kubandikwa kwenye faili la nje lenye jina lile lile. Ukisubiri mwisho wa muhula, utakuwa na kadi mia kadhaa za kufungua kwa mkono, na wenye akaunti waliosahau nenosiri watakuwa wameondoka na zao.